Kazi na Moyo wa Mtu

Jioni hii twataka kusema habari za uchovu wa kazi, si ule wa mikono na mgongo, bali ule umfuatao mtu hata kitandani. Wengi hudhani ya kuwa mkubwa wa kazi ndiye ateswaye kwa mawazo kuliko wote, maana mzigo wote u juu yake. Nasi tulidhani vivyo hivyo.

Walakini katika mwaka 1967 waganga wa Uingereza walianza kuwachunguza wanaume zaidi ya 17,000, watumishi wa serikali mjini London. Hapakuwa na mchimba makaa miongoni mwao, wala mtu asiye na mshahara. Baada ya miaka saba na kitu ikaonekana kwamba vifo vya ugonjwa wa moyo katika daraja la chini kabisa, yaani matarishi na mabawabu, kwa kadiri ya hesabu yao, vilizidi vya wakubwa mara tatu na zaidi. Tumbako ilikuwa na sehemu yake, lakini haikutosha kueleza tofauti yote.

Uchunguzi wa pili ulianza mwaka 1985, wa watu 10,308, wanaume kwa wanawake. Hao waliulizwa: Je, wewe waamua namna ya kuifanya kazi yako? Waamua wakati wa kupumzika? Mwaka 1997 Michael Marmot na wenziwe wakatoa habari ya kwamba wale wasio na amri juu ya kazi yao ndio waliopatwa zaidi na maradhi ya moyo.

Tuliposoma hayo tuliona haya kidogo. Tulikuwa na vijana wawili katika zoezi la kufundisha. Mmoja tulimwandikia kila asubuhi karatasi ya mambo ya kusema, neno kwa neno, tukidhani twampunguzia taabu. Wa pili tulimwambia tu kwamba mwisho wa juma watoto wajue kugawanya. Huyu alifanya kazi nyingi zaidi, hata usiku kwa taa. Lakini aliyekonda ni yule wa karatasi. Tukamhimiza ajikaze, kana kwamba ila ilikuwa moyoni mwake, kumbe ilikuwa mkononi mwetu.

Juma la tatu tukaiacha karatasi. Siku ile kengele ililia angali akiandika ubaoni, somo halijafika nusu, naye akacheka.