HESHIMA YA MTU WA RELI KAZINI

(Maneno haya yalisomwa na mwanachama wetu mmoja, gadi wa gari la abiria, katika mkutano wa tawi. Tumeyachapa kwa kuwa wengi waliokuwa zamu siku ile wameyaomba.)



Nimeombwa niseme machache juu ya jinsi mfanyakazi wa reli anavyopaswa kuonekana na kujichukua awapo kazini. Najua wako walionong'ona waliposikia habari hii. Walisema, "Hayo ni maneno ya mabwana wa ofisini. Chama kazi yake ni kudai mshahara, si kukagua viatu." Neno hilo si la kudharauliwa, nami nitalijibu.

Jibu langu ni hili. Mfanyakazi anayejiweka sawa hafanyi hivyo ili kumpendeza bwana. Anamnyima bwana mahali pa kumshika. Mtu akifika kwa saa yake, nguo zake safi, maneno yake ya adabu na daftari lake limeandikwa vizuri, basi akidai haki yake hapana awezaye kumwambia, "Kwanza jitazame wewe mwenyewe." Sisi tunaodai mengi hatuna budi kuwa watu wasiosutwa kwa madogo.

Nianze na nguo. Sare ya reli si pambo. Abiria hanijui jina wala kwetu. Anachojua ni kofia, koti, filimbi na bendera. Gari likisimama ghafula njiani usiku, nikaingia behewani nikasema, "Tulieni, mtu asishuke upande huu, njia ile ina gari linakuja," watu mia watanisikia au hawatanisikia kwa jinsi wanionavyo. Wakiona mtu amevaa shati la rangi yoyote na kandambili, watadhani ni mchuuzi, nao watashuka. Hapo uchafu wa sare waweza kuua mtu. Dereva naye hanisikii sauti. Hutazama bendera yangu mchana na taa yangu usiku. Bendera nyekundu iliyofifia hata ikawa kama kitambaa cha jikoni haisemi tena "simama". Basi usafi wa vyombo vyetu ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kwa ndugu zetu wa karakana na wa njia jambo ni lile lile, ila lina sura nyingine. Fundi hawezi kutoka chini ya injini akiwa mweupe kama karani, wala hapana mwenye akili atakayemtaka awe hivyo. Mafuta ya kazi si uchafu. Lakini ovaroli isiyofungwa vifungo hunaswa na chombo kinachozunguka, na mkono wa shati unaoning'inia huvutwa pamoja na mkono wa mtu. Yule anayefunga na kufungua mabehewa, akivaa viatu vilivyochakaa nyayo, huteleza pasipofaa kuteleza. Kwa hao, kuvaa sawasawa ni kurudi nyumbani na viungo vyote.

Jambo la pili ni saa. Kwetu reli dakika tano si dakika tano. Gadi akichelewa dakika tano, gari zima limechelewa, na mama aliyepanga kubadili gari lingine mbele amekosa, na kibarua wa viwandani amekuta mlango umefungwa na siku yake imekatwa. Huyo ni mfanyakazi mwenzetu. Kuchelewa kwetu hutoka mfukoni mwake.

Jambo la tatu ni ulimi. Abiria wengine ni wakorofi, sote twajua. Yuko atakayekutukana kwa sababu ya tikiti aliyoipoteza mwenyewe. Mjibu kwa upole, tena kwa maneno machache: "Mzee, kanuni ni hii. Ukiwa na shaka, stesheni masta yupo, twende pamoja." Mama mtu mzima mwite mama, kijana mwite ndugu, mtoto umshike mkono apande. Wahenga walisema heshima si utumwa, na maneno hayo ni ya kweli. Lakini yana upande wa pili ambao wakubwa huusahau: utumwa nao si heshima. Kuinama, kuchekacheka, kubeba mfuko wa mkubwa nyumbani kwake siku yako ya mapumziko, hayo hayamo katika kazi yetu. Simama wima, sema "Ndiyo, Bwana" pale panapostahili ndiyo, na "Hapana, Bwana, kanuni hairuhusu" pale panapostahili hapana. Sauti iwe ile ile mara zote mbili.

Sasa nataka kutoa mfano wa watu wa reli wa nchi nyingine, maana wao waliijua sana habari hii. Huko Marekani, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865, kampuni ya George Pullman ilikuwa na mabehewa ya kulala, nayo iliajiri watu weusi, wengi wao waliokuwa watumwa jana yake, wawahudumie wasafiri. Walitandika vitanda, walipokea mizigo, walipiga viatu rangi usiku wageni wakiwa wamelala. Kwa unadhifu hapakuwa na wa kuwashinda. Koti safi, kofia sawa, adabu tele. Lakini wasafiri wengi hawakuwaita kwa majina yao. Waliwaita wote "George", kwa jina la tajiri wao, kama vile mtumwa alivyoitwa zamani kwa jina la bwana wake. Rangi ya viatu waliinunua kwa fedha yao. Wengine walifanya kazi karibu saa 400 kwa mwezi, na tegemeo lao kubwa lilikuwa bakshishi ya wasafiri. Nanyi mwajua, mtu anayeishi kwa bakshishi hana budi kucheka hata moyo ukilia.

Unadhifu ule wote haukuwapatia jina. Kilichowapatia jina ni chama. Mwaka 1925 walianzisha chama chao huko New York, wakamweka A. Philip Randolph awaongoze. Yeye hakuwa mtumishi wa kampuni ile, kwa hiyo kampuni haikuweza kumfukuza kazi. Walipigana miaka kumi na miwili. Mwaka 1937 kampuni ikatia sahihi mapatano nao, na saa za kazi zikashushwa hadi 240 kwa mwezi. Nawaomba mkumbuke jambo moja: siku waliyokaa mezani na wakubwa wa kampuni, hawakuivua adabu yao. Waliivaa kwa ajili yao wenyewe, si kwa ajili ya bakshishi.

Hapa kwetu tunaye Tom Mboya. Kabla ya kuwa mkubwa wa vyama vya wafanyakazi alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi. Katika kitabu chake Freedom and After cha mwaka 1963 alieleza kwamba siku moja alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa, akaingia mwanamke wa Kizungu na chupa mkononi, akatazama huku na huku, akauliza kama hapana mtu humo ndani. Mboya alikuwa amesimama mbele yake! Alikuwa na elimu ya kazi ile, alikuwa kazini kwake, na bado hakuonekana kuwa mtu. Hapo twajifunza kwamba nguo safi na elimu ni njema, lakini peke yake hazitoshi. Lazima nyuma yako wawepo wenzako. Mboya aliyajua hayo, akawaunganisha wafanyakazi wa mabaraza ya miji kuwa chama kimoja.

Sasa nirudi kwetu na nilijibu lile neno la kwanza, kwamba chama kisikague viatu. Mimi nasema chama kikague viatu, lakini kianze kwa kuuliza: viatu hivi vilitolewa lini, na nani? Yuko ndugu yetu, sitamtaja yeye wala mahali pake pa kazi, aliyeambiwa asubuhi moja na mkubwa wake, "Unatutia aibu, rudi nyumbani," kwa sababu viatu vyake vilikuwa vimefunuka mbele na koti limechanika bega. Siku ile ikakatwa katika mshahara. Lakini ndugu yule alikuwa mtu wa karatasi. Alikuwa ameomba viatu mara tatu kwa barua, na kila barua aliweka nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Mwakilishi wa chama alipozipanga nakala zile mezani, moja, mbili, tatu, na tarehe zake, mkubwa hakuwa na la kusema. Siku ilirudishwa, na viatu vikatoka ghalani juma lile lile. Nakuulizeni, nguo yake iliyo bora ilikuwa ipi? Nadhani ilikuwa ni zile karatasi tatu.

Kwa hiyo jambo la nne ni kalamu. Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka mwalimu alivyokagua kucha na kola asubuhi, lakini pia alikagua daftari. Daftari chafu lilikuwa na fimbo yake kama kucha chafu. Andika taarifa yako siku ile ile. Weka tarehe, saa, mahali, namba ya gari, uliloliona kwa macho na uliloambiwa na mtu, tena usiyachanganye hayo mawili. Usiandike hasira.

Sheria iko upande wa mtu wa namna hiyo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kwamba mwajiri akitaka kumwachisha mtu kazi kwa kosa la mwenendo, au kwa kutofanya kazi vema, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama kazini hapo anaposikilizwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo yamtaka mwajiri atoe nguo na vyombo vya kujikinga mahali penye hatari, na yamtaka mfanyakazi avivae akipewa. Tazameni mzani ulivyo: mwajiri atoe, mfanyakazi avae. Upande mmoja usiulizwe peke yake. Lakini Sheria ya Ajira yahesabu pia kulewa saa za kazi hata mtu asiweze kufanya kazi yake sawasawa, na kutokuwapo kazini bila ruhusa, kuwa makosa makubwa. Katika hayo, ndugu zangu, chama kitakusindikiza chumbani, lakini hakitakuwa na maneno mengi ya kusema.

Mwisho naleta maombi manne mbele ya mkutano huu.

Kwanza, kila mwakilishi aandike orodha ya watu wa idara yake, na mbele ya kila jina tarehe ya sare na viatu vya mwisho alivyopokea. Orodha ziletwe kwa Katibu.

Pili, tudai kila mtu apewe nguo jozi mbili, maana mwenye jozi moja hufua usiku na huvaa mbichi asubuhi, au huvaa chafu. Kadhalika tudai maji na mahali pa kuoga kwa watu wa karakana na wa njia. Si haki mtu apande matatu kwenda nyumbani watu wakimkwepa kwa harufu ya mafuta ya mwajiri.

Tatu, sisi kwa sisi tukatazane kuuza au kuazima sare. Koti la reli likionekana kwa mnyang'anyi stesheni, sote tumekuwa wanyang'anyi machoni pa abiria.

Nne, wanaojua kuandika taarifa wawafundishe wasiojua, hapa hapa tawini, hata kwa saa moja kila juma. Mimi mwenyewe nitakuwapo.

Wazee husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tusiwe mkakasi, ndugu zangu, tuliopakwa rangi nje na ndani hatuna kitu. Wala tusiwe dhahabu iliyofungwa katika tambara, hata mpita njia akaikanyaga asijue.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Mwenye swali na aulize, na mwenye kupinga asimame apinge, ila viatu vyake tutavitazama.