Upele wa Mapajani Si Aibu



Msimu wa joto, upele huwasumbua wengi: mwendeshaji bodaboda, mjenzi, mama anayeshinda jikoni. Jasho hulainisha ngozi, msuguano huichubua, na fangasi hupata makao penye joto na unyevu: kinenani, kwapani na chini ya matiti.

Kwa kuona haya, wengi hununua krimu yoyote dukani. Hapo ndipo hatari ilipo. Krimu yenye steroidi hutuliza mwasho kwa siku chache, huku fangasi wakiendelea kuenea. Inayofaa ni dawa ya fangasi, kama vile klotrimazoli, inayopakwa mara mbili kwa siku kwenye ngozi iliyooshwa na kukaushwa vizuri. Upele ukiisha, mgonjwa asiache; aendelee kuipaka kwa wiki mbili zaidi.

Kinga ni rahisi. Nguo za ndani ziwe za pamba, zisibane, na zibadilishwe kila siku. Taulo isitumiwe na zaidi ya mtu mmoja. Mapaja yanayosuguana, yakiwa hayana upele, yapakwe mafuta ya mgando kabla ya safari. Mwenye fangasi miguuni atibu miguu pia, na avae soksi kabla ya chupi ili asiwapandishe fangasi kinenani.

Upele usiopungua baada ya wiki mbili, unaotoa usaha au unaorudi mara kwa mara unahitaji kuonwa katika kituo cha afya. Huenda mgonjwa ana kisukari bila kujua. Mhudumu hatamcheka, huona upele huu kila siku.