Askofu Aliyekataa Kazi ya Lazima

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Nyalenda, Kisumu)

Tumeombwa tuongee juu ya kazi ya pamoja. Tumechagua maisha ya Mwingereza mmoja, Frank Weston, Askofu wa Zanzibar.

Alizaliwa London mwaka 1871, akasomea mambo ya dini Oxford, akafika Zanzibar 1898 kufundisha. Mwaka 1907 alitoa kitabu juu ya Kristo aliye Mungu na tena mtu kamili. Mwaka uliofuata akawekwa kuwa askofu.

Imani hiyo haikubaki kitabuni. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wazee wetu wengi wa Nyanza walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa magonjwa. Jina la Kariokor ya Nairobi limetoka hapo. Weston aliongoza wapagazi wa Zanzibar mwenyewe, akitembea nao. Mzigo aliujua.

Vita vikaisha. Oktoba 1919 serikali ya kikoloni hapa kwetu ikatoa waraka: maofisa na machifu wahimize vijana waende kwenye mashamba ya walowezi. Chifu asiyesaidia, jina lake liandikwe. Sasa, "himiza" ya namna hiyo si ni lazima tu?

Askofu Willis, aliyeanzisha Maseno 1906, alilalamika pamoja na wenzake, lakini walikubali kazi ya lazima kwa masharti. Weston alikataa kabisa. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kuwaambia Waingereza kwamba huo ni utumwa.

Mwaka 1921 London ikakataza maofisa kuwatafutia walowezi vibarua. Lakini kodi na kipande vilibaki. Desemba mwaka huo, wazee wetu wa Piny Owacho wakakusanyika Lundha, Gem, wakadai haki kwa vinywa vyao wenyewe. Weston alifariki 1924.

Haya yanatuhusu vipi? Tukichimba mtaro kwa sababu tumekaa, tukakubaliana, hiyo ni harambee. Lakini tukimtoza faini mama mjane bila kumuuliza kwa nini hakuja, tumerudi kwenye ule waraka. Wa kwanza kuulizwa awe yule atakayeshika jembe.

Jadilianeni katika kikundi:
1. Faini zetu zilipitishwa na nani?
2. Wagonjwa na wazee tumewapangia kazi gani wanayoiweza?
3. Mwanakikundi akisema "hapana", tunamsikiliza?