Maisha Yetu Baada ya Maradhi Makuu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Halmashauri imetuagiza tuseme maneno machache juu ya maradhi ya Korona, ambayo kila nyumba ilionja uchungu wake, na hasa juu ya swali lililobaki nyuma yake: je, jamii yetu imebadilika, na kama imebadilika, ni nani aliyeibadili? Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Tangu siku hiyo wengi wetu tumekuwa kama msafiri aliyevuka mto uliofurika. Nguo zake zikiisha kukauka, hataki kusikia tena habari za maji. Lakini mto haufuriki mara moja tu, na mwenye busara hukumbuka kivuko.

Neno letu ni moja. Maradhi peke yake hayaibadili jamii. Huvunja desturi kwa muda, kisha huondoka. Na desturi mpya huandikwa na yule anayewahi kushika kalamu. Chama kisipoandika, wengine watatuandikia, au mazoea yatarudi kutawala kama zamani. Tutaeleza neno hili kwa mambo yaliyokwisha kupita, kisha tutaleta maombi manne mbele yenu.

Tuanze hapa Nairobi. Mwaka 1902, mji ulipokuwa bado mchanga, tauni ilizuka, na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto kwa amri ya serikali. Ugonjwa ulirudi tena miaka iliyofuata. Mwaka 1913 aliitwa bingwa wa mambo ya afya, Profesa W. J. Simpson, aje kutoa shauri. Tauni huletwa na viroboto wa panya, na dawa yake ni kuondoa uchafu, kuzoa taka na kujenga nyumba zenye hewa. Lakini shauri lililotolewa lilikuwa pia kwamba watu watengwe kwa rangi: Wazungu mahali pao, Wahindi mahali pao, na Waafrika mahali pao. Panya hakujua mpaka huo, bali binadamu aliujua kwa muda mrefu. Hata leo mtu atokaye mitaa ya mashariki kwenda Muthaiga aweza kuona alama za mgawanyo ule. Ugonjwa ulikwisha, kanuni ilibaki.

Twende mbali kidogo, kisha turudi. Mwaka 1348 tauni kubwa ilifika Uingereza, nayo iliua watu wengi mno, kati ya theluthi na nusu ya wote. Waliosalia waliona kwamba mikono ya kufanya kazi imekuwa haba, wakaomba ujira zaidi. Wenye mashamba hawakungoja. Mwaka 1351 Bunge lilitunga sheria kwamba mfanyakazi asilipwe zaidi ya alivyolipwa mwaka 1346, kabla ya maradhi. Sheria ile ilileta uchungu mwingi, na mwaka 1381 wakulima waliasi. Hatimaye ujira ulipanda, lakini kwa taabu ya miaka mingi.

Mambo ya namna hiyo yalitupata sisi pia. Mwezi wa Septemba 1918 homa kali ya mafua ilishuka Mombasa kutoka melini, ikapanda bara pamoja na reli. Iliwakuta watu waliokwisha dhoofika. Vijana wengi walikuwa wamechukuliwa kuwa wapagazi wa vita, hao ambao jina lao limebaki katika Kariakor, na maelfu yao hawakurudi. Tena mvua ilikosekana, njaa ikaingia. Wataalamu waliochunguza habari zile wamekadiria kwamba homa peke yake iliua watu kama 150,000 katika nchi hii.

Je, baada ya msiba huo aliyesalia alionewa huruma? La. Mwaka 1919 askari wa Kizungu waligawiwa mashamba, na mashamba yalihitaji wafanyakazi. Mwezi wa Oktoba mwaka ule Gavana Northey alitoa waraka kuwaagiza maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kazini. Kuanzia 1920 mwanamume wa Kiafrika alivikwa kipande. Mwaka 1921 walowezi walikusudia kupunguza ujira kwa theluthi moja. Baba zetu walikuwa wangali wakizika wafu wao, na wengine walikuwa wakiandika.

Ndipo wao nao wakashika kalamu. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walianza chama Nairobi, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo vijana wa Nyanza waliunda chama chao. Chama hicho cha Nyanza kiligeuka mwaka 1923 kuwa Kavirondo Taxpayers Welfare Association, chini ya Arkidikoni Owen. Walipeleka malalamiko yao kwa serikali, na papo hapo waliagana wao kwa wao kuchimba vyoo na kuua panya nyumbani kwao. Wako waliowacheka kwa habari ya panya. Sisi hatuwacheki. Walifahamu kwamba chama kinachodai haki kwa serikali lazima kijiwekee kanuni chenyewe, na kwamba afya ya kijiji si kazi ya daktari peke yake. Vyama vya msaada kama hiki chetu ni wajukuu wa vyama vile.

Sasa tuje kwenye siku zetu. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zilifungwa. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza, kutoka saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri. Jioni ile ile, kwenye kivuko cha Likoni, watu waliotoka kazini walipigwa na kufukizwa moshi wa kutoa machozi kabla saa ya kafyu haijafika. Mwezi wa Aprili Nairobi ilifungwa, mtu asitoke wala asiingie, hata mwezi wa Julai. Kafyu haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Waliokufa kwa hesabu ya serikali wamepita 5,600.

Katika miezi ile tulijifunza mambo mawili juu ya mazishi, na yote mawili ni ya kweli ijapokuwa yapingana. La kwanza ni uchungu. Mwezi wa Aprili 2020 huko Siaya marehemu mmoja alizikwa usiku, bila jeneza, na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, na nchi nzima ilisikitika. Mtu si mzigo wa kutupwa shimoni gizani. La pili ni nafuu. Amri ilipowekwa kwamba waombolezaji wasizidi 15, familia nyingi zilizika wafu wao kwa siku chache, kwa heshima, bila hema, bila kukodi mabasi na vipaza sauti, bila kumwacha maiti wiki tatu katika chumba cha baridi huku gharama zikipanda kila kukicha. Walizika, wakalia, wakaomba, na hawakubaki na deni.

Leo hema zimerudi. Michango ya mazishi imekuwa mikubwa kuliko michango ya kumtibu mgonjwa alipokuwa angali hai. Wahenga walisema, msiba wa wengi ni harusi; walimaanisha kwamba mzigo ukichukuliwa na wengi huwa mwepesi. Hawakusema msiba ufanywe harusi, na mjane aachiwe hesabu ya kulipa.

Twajua wazee watatujibu kwamba wingi wa watu ndiyo heshima ya marehemu, na kwamba mtu aliyewazika wenzake astahili naye kuzikwa na wenzake. Jibu hilo lina uzito, wala hatulidharau. Lakini tutazame vizuri ni nini hasa kilichokuwa heshima zamani. Watu walikuja kwa miguu, wakaleta kuni na maji, wakalala matanga pamoja na wafiwa. Walichotoa ni miili yao na siku zao. Siku hizi mtu hutuma fedha kwa simu, kisha haonekani tena. Simu ni njema. M-Pesa tumekuwa nayo tangu 2007, na mwezi wa Machi 2020 ada ya kutuma fedha zisizozidi shilingi 1,000 iliondolewa kwa muda, ikatusaidia kukusanya michango tulipokatazwa kukutana. Kwa njia hiyo hata mama asiyeweza kuacha biashara yake aweza kutoa sehemu yake, na kila shilingi ina ushahidi. Lakini simu haiwezi kukaa na mfiwa.

Liko pia jambo la kazi. Amri ya kukaa nyumbani ilikuwa rahisi kwa mwenye mshahara wa mwezi. Kwa mtumishi wa nyumbani aliyeachishwa, mjenzi wa kibarua, mama auzaye mboga kando ya njia, na fundi wa jua kali, kukaa nyumbani ilikuwa kukaa na njaa. Chama kama chetu kina sanduku la kifo. Mtu akifa twamsaidia. Akiwa hai bila kazi, kanuni nyingi za vyama hazimjui. Korona ilitufunulia kwamba tumejiandaa kumzika mwenzetu kuliko kumlisha.

Tena kuna watoto. Shule zilifungwa tangu Machi 2020, na madarasa mengi hayakurudi mpaka tarehe 4 Januari 2021. Wako wasichana waliorudi wakiwa waja wazito, na wengine hawakurudi kabisa. Wako wavulana walioonja fedha ya boda boda au ya machimbo ya mawe, wakaona darasa ni kupoteza wakati. Aliyekuwa na miaka 15 wakati ule sasa ni mtu mzima. Hatuwezi kumrudisha dawatini kwa kumkaripia.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta maombi manne, yajadiliwe katika matawi na kupigiwa kura.

Kwanza, mazishi yanayosaidiwa na Chama yafanyike katika siku saba tangu kifo, isipokuwa iko sababu kubwa. Sanduku lilipe jeneza, safari ya maiti na chakula cha wafiwa, basi. Kitakachosalia katika mchango kiwe karo ya yatima. Atakaye hema na mabasi ayalipe mwenyewe, wala asikope kwa jina la Chama.

Pili, ili heshima isipungue, kila tawi liweke zamu ya kuwazuru wafiwa baada ya mazishi, watu wawili wawili kila wiki kwa miezi mitatu. Hapo ndipo mjane huwa peke yake, majirani wakiisha kutawanyika.

Tatu, sehemu ya ada ya kila mwezi itengwe katika sanduku la siku za kukosa kazi, lenye kitabu chake na watunzaji wake, lisiguswe kwa mazishi wala kwa sherehe. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, kila tawi liandike majina ya vijana wake walioachia masomo wakati wa Korona, wasichana pamoja na wavulana, nasi tuwatafutie nafasi katika vyuo vya ufundi. Mama kijana asiulizwe aibu yake. Aulizwe ni ufundi gani autakao, na ni nani atakayemlelea mtoto akiwa darasani.

Maombi haya si makubwa. Lakini hata wale wa 1923 walianza na vyoo na panya. Maradhi mengine yatakuja. Saa yake haijulikani. Yatakapokuja, amri zitaandikwa upesi na watu walio mbali nasi, kama zilivyoandikwa 1914, na 1919, na 2020. Itatufaa siku hiyo tuwe na kanuni zetu wenyewe, zilizoandikwa wakati wa utulivu, zinazojulikana na mzee na kijana, ili tuzilete mbele ya wakubwa na kusema: hivi ndivyo sisi tunavyozika, hivi ndivyo tunavyolisha, na hivi ndivyo tunavyosomesha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona, na waliopotea katika miaka ile wametuonyesha mahali ulipo. Twawaomba wazee wetu watuongoze kwa shauri lao, na wanachama wapige kura bila woga wala upendeleo.