Kwa Nini Moyo Hushtuka: Mfano wa Lamu



Katika visiwa vya Lamu, msimu wa kusi ukikaza, watu hutazamia vyombo vya wavuvi virudi kwa Mlango wa Shela kabla ya jua kuchwa. Chombo kikichelewa, habari inayoenea mjini ni moja tu: hakijaonekana. Lakini iangalieni jinsi inavyopokewa. Mke wa nahodha huacha chungu mekoni, akaenda pwani bila ya kujua miguu yamchukua wapi. Mchuuzi wa samaki hukasirika, kwa kuwa amekwisha kuwaahidi watu kitoweo. Mgeni aliyefika juzi kutoka bara huitazama bahari na kuisifu kwa uzuri wake. Tukio ni lile lile, na nyoyo ni tatu.

Ni dhahiri basi kwamba nguvu ya mshtuko haimo katika tukio peke yake. Kila mtu hulipima kwa mizani yake, tena upesi sana: je, jambo hili lagusa kitu akipendacho? Lilitazamiwa, au limekuja ghafula? Yuko awezaye kulizuia? Mke wa nahodha labda akumbuka chombo kingine, cha mwaka mwingine, ambacho hakikurudi kabisa. Mwili nao haungoji akili imalize hesabu. Moyo huenda mbio, kinywa hukauka, mikono hutetemeka, maana damu imekwisha kupokea homoni zimtayarishazo mtu kupigana au kukimbia.

Mfano mkubwa zaidi umo katika tarikh ya Lamu yenyewe. Kati ya mwaka 1812 na 1814 jeshi la Mazrui wa Mombasa, pamoja na watu wa Pate, lilishuka Shela ili kuutwaa mji. Watu wa Lamu walitoka wakalipiga. Waliokimbilia pwani walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga, na wengi wakauawa pale pale ufukoni. Husemwa kwamba mifupa yao ilionekana katika vilima vya mchanga vya Shela kwa miaka mingi.

Mtu angedhani kwamba baada ya ushindi kama ule Lamu ilistarehe. Sivyo. Mji ulishikwa na hofu, kwa sababu Mombasa haikuwa mji wa kuwasahau watu wake waliokufa, na kisasi kilitazamiwa. Hofu hiyo haikutokana na lile lililokwisha kutokea, bali na lile lililodhaniwa kuwa liko njiani. Wajumbe wakapelekwa kwa Seyyid Said bin Sultan wa Omani kuomba ulinzi, naye akaleta liwali na askari. Ngome ya Lamu, ambayo mpaka leo imesimama katikati ya mji, ilikamilika yapata mwaka 1821. Hivyo mji uliozoea kuongozwa na wazee wake ulijitia wenyewe chini ya mtawala wa ng'ambo, tena baada ya kushinda! Si haki kuwacheka watu wale, kwani Mazrui walikuwa na nguvu kweli. Lakini mwenye hofu hutafuta kinga ya kesho tu. Gharama ya kesho kutwa haioni, na katika jambo hili waliolipa ni wajukuu.

Huko Pate vita vile vile vilileta msiba na fedheha, na nguvu za mji huo zikazidi kupungua.

Wala mambo haya si ya zamani peke yake. Palipotolewa habari kwamba kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, cha megawati 1,050, kitajengwa Kwasasi katika kaunti ya Lamu, hasira iliwaka kabla ya moshi wowote kuonekana. Kwa mvuvi, maji yale ni shamba lake na la babu yake. Kwa kijana asiye na kazi, kiwanda kile kile kilikuwa mshahara. Hapana mmoja kati yao aliyekuwa mjinga. Kila mmoja alihofia kupoteza kilicho chake. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Taifa ya Mazingira ilifuta leseni ya kiwanda hicho, wengine wakashangilia na wengine wakakata tamaa kwa hukumu moja.

Mahakama ilitoa miongoni mwa sababu zake kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Neno hilo laeleza sehemu kubwa ya hasira ile. Mtu aliyeulizwa mapema aweza kukataa kwa utulivu, maana yu katika shauri. Lakini aletewaye jambo lililokwisha kukatwa huona kwamba amenyang'anywa hata kabla ya kujua atapata nini au atakosa nini.