MANENO JUU YA DENI LA KUJENGA NYUMBA ZA KUPANGISHA
(Yaliyosemwa na Karani wa Chama katika mkutano wa mwaka, Nyakoe)



Nimetakiwa niseme machache juu ya mikopo ya kujenga nyumba za kupangisha. Jambo hili limekwisha kutufikia, kwani mji wa Kisii unapanuka, na watu wanatafuta vyumba kando ya barabara ya Kisumu.

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii haikatazi kukopa, bali yatuonya tuikumbuke siku ya kulipa. Katika mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954, hati ya shamba ilikusudiwa imwezeshe mkulima kupata mkopo. Lakini hati hiyo hiyo, ikiwekwa rehani bila hesabu, yaweza kuwaondolea watoto urithi wao. Mashamba yetu ni madogo, na lililouzwa halirudi.

Na tuchukue mfano. Mtu anataka kujenga vyumba 8 kwa gharama ya shilingi 1,000,000, na kila chumba akipangishe kwa shilingi 2,500 kwa mwezi. Vyumba vyote vikijaa, atapata shilingi 20,000. Akikopa fedha zote kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayohesabiwa juu ya deni lililobaki, na kulipa kwa miaka 5, atatakiwa kutoa shilingi 22,244 kila mwezi. Nyumba haiwezi kujilipia hata siku moja. Akiomba miaka 10, atatoa shilingi 14,347 kwa mwezi, lakini mwishowe atakuwa amelipa zaidi ya shilingi 1,720,000. Muda mrefu hupunguza mzigo wa mwezi, na huongeza bei ya deni.

Mwenzake aliweka akiba kwanza ya shilingi 400,000, akakopa 600,000 tu kwa riba ile ile. Kwa miaka 5 atatoa shilingi 13,347 kila mwezi. Hata vyumba 2 vikikosa wapangaji, 6 vitaleta shilingi 15,000, na kidogo kitabaki cha kutengeneza bati na mlango. Kisha deni litakwisha, na kodi itakuwa yake.

Basi, kabla ya kutia sahihi, kila mtu ajiulize: je, vyumba 6 kati ya 8 vyaweza kulipa deni hili? Ikiwa haviwezi, apunguze mkopo au ajenge vyumba vichache kwanza. Wala fedha za ujenzi zisigeuzwe kuwa mahari au karamu, kwani karamu hailipi kodi.

Tena, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba nyumba ya mume na mke haiwekwi rehani pasipo ridhaa ya wote wawili. Akina mama, msitie sahihi karatasi msiyosomewa. Na mdaiwa akichelewa, mkopeshaji sharti ampe notisi ya miezi isiyopungua 3, kisha nyingine ya siku zisizopungua 40, kabla ya kuuza. Siku hizo si za kujificha. Ni za kwenda kwa mkopeshaji na kupatana naye.

Wazee wangu, deni la nyumba na lilipwe na vyumba, lisilipwe na shamba la baba.