MANENO YA KUWATAMBULISHA WACHEZAJI WETU



Leo mtaona mchezo juu ya mizani ya pamba. Wachezaji wetu hawakusomea kazi hii. Mkulima ni mlinzi wa ghala letu. Mkewe ni mama muuza maandazi; hajui kusoma, maneno yote kayashika kwa kusikia, na hakosei. Karani mwizi ni kijana wetu wa trekta.

Kwa huyu tuna ombi. Tangu mazoezi yaanze, watoto wanamzomea njiani: "Mwizi wa kilo!" Mama yake kaumia. Jamani, kijana ni mwaminifu. Kachukua nafasi tuliyoikimbia wote, na bila mwizi mchezo hauna funzo.

Wenzetu walishafanya. Mwaka 1977, huko Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi walicheza "Ngaahika Ndeenda" ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, kwa Kikuyu, lugha yao. Serikali iliusimamisha mwaka huohuo. Mchezo wa wanakijiji si upuuzi.

Basi, karani mzomeeni uwanjani mpaka mchoke. Mchezo ukiisha, mpeni mkono.

Ushirika hoyee!